Ngoma ya Mikono Mirefu

Mwanamke aliyetufundisha ngoma ya Kichina alikuwa na duka la vitambaa barabara ya Jules Street, huku ugenini, jirani na pale ninaposhonea. Alikuwa Mchina, mjane, wa rika la mama yangu, na Kiswahili alikiokota kwetu wateja, Warundi na Wakongo. Siku moja aliniletea hariri nyekundu akaniomba nimshonee gauni lenye mikono inayoburutika chini. Nikamuuliza mtu anafanyaje kazi na mikono hiyo. Akacheka, akajifunga mitandio viganjani, akairusha juu katikati ya majora. Ilipaa, ikajikunja, ikamrudia mkononi.

"Hii ya kwetu," aliniambia. "Mama yangu alinifunza. Mimi sina wa kumfunza."

Nikampeleka kwenye ukumbi wa kanisa letu, Troyeville. Wanakwaya walimpokea, baadhi yao kwa kumwonea haya tu. Aliyempenda hasa ni binti yangu. Alizaliwa hapa, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza au Kizulu, na nyumbani tuliishi kama wapangaji wawili. Kwa mwalimu yule ilimbidi aseme Kiswahili, maana Kiingereza hakikumpanda yule mama. Nilikuwa nakaa nyuma napinda mapindo, namsikia mwanangu akiuliza, "Unaanza mkono, ama mguu?" Nilijifanya nimeinamia sindano, asije akagundua namsikiliza akaacha.

Wimbo wao ulikuwa wa wanawake wanaopanda mpunga. Mimi nimekulia Imbo, Burundi, kwenye mashamba ya mpunga. Jioni moja binti yangu aliniuliza, kwa Kiswahili, matope yale yalikuwa baridi au ya moto. Tuliongea mpaka chakula kikaungua.

Kisha homa ikamshika. Kichwa kilimuuma hata hakuweza kufumbua macho. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amefariki.

Mwalimu alikuja matangani amevaa nyeupe tupu. Wanawake wakanong'ona. Akakaa mkekani karibu yangu, akasema, "Kwetu hii ndiyo nguo ya msiba." Baadaye akaniuliza, "Mama, niimbe?"

"Imba."

Aliimba ule wa mpunga, taratibu, mikono ikiwa imetulia mapajani. Wanakwaya wakamfuata kwa maneno waliyoyashika kwa kusikia tu. Tangu hospitali sikuwa nimelia. Hapo nililia mpaka wakanishika.

Mwisho wa mwaka walicheza mbele ya kanisa zima. Nafasi ya binti yangu walimpa msichana mwingine, naye alicheza vizuri. Nilivumilia ubeti wa kwanza, nikatoka nje. Wimbo ulipokwisha mwalimu alinifuata, tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yakipita.

"Nikimfunza huyu, namwona yule," alisema. "Niache?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka ukumbi ule ufungwe na hariri yote ichomwe. Nikamtazama, nikaona naye hana mwingine wa kumwachia ngoma yake.

"Usiache, Mama," nikamwambia.

Hakuacha. Watoto wa mtaa wa Malvern siku hizi wanakuja, na hata wa Soweto wanaletwa na wazazi wao. Nguo zao nashona mimi. Jumamosi nazipeleka hadi mlangoni, namkabidhi mwalimu, ananishika mkono kidogo, kisha narudi zangu. Ndani bado sijaweza kuingia.