Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma cha gari langu hakijakaa sawa tangu siku ile. Nati mbili zilipotea kwenye matope, fundi akafunga waya, na kila nikipita kwenye makorongo kinagonga mgongoni kwangu. Watu ninaowapa lifti huniuliza kwa nini sikitengenezi. Nawajibu kwamba nati za saizi ile hazipatikani. Ni uongo. Zimejaa kwenye maduka ya vipuri pale Kayanga, na mimi napita mbele ya maduka hayo kila siku.

Nafundisha sekondari Bugene, na nyumbani ni Kanoni, kwenye kibanja alichotuachia baba. Migomba iko mbele, kahawa nyuma, nyumba yangu kando ya barabara na ya mama hatua chache kutoka kwangu. Gari nililipata likiwa limeshatumika Japani. Si lile refu la wakubwa wenye dereva, wala si kigari cha chini kinacholamba mawe. Ni la kati, limeinuka vizuri, linavuta kwa magurudumu yote manne, na buti yake inameza mikungu sita ya ndizi. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiliosha asubuhi na jioni. Kichwa kilinivimba, sitaki kuficha.

Kila ukiwasha, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani kwenye redio. Hakuna aliyejua anasema nini. Mama, ambaye kila Jumapili alikaa kiti cha mbele kwenda kanisani, aliamua kuwa ni salamu. “Marahaba, binti yangu,” alimjibu, huku akihangaika na mkanda. Nilimwambia ile ni mashine tu. Akasema basi ni mashine yenye adabu kuliko wanafunzi wangu.

Kabla ya gari, kitongoji chetu kilikuwa na machela. Ilikuwa kitanda chepesi cha fito na kamba, chenye miti miwili mirefu ya kubebea. Mtu akizidiwa, yowe linapigwa, wanaume wanaacha majembe, wanampokezana mgonjwa begani hadi barabara kubwa, na ikibidi hadi hospitali. Kulikuwa na chama kabisa, chenye mwenyekiti, zamu, na faini ya pombe ya rubisi kwa asiyetokea. Machela yenyewe ilikaa juu ya dari la jiko la mama, ndani ya moshi, ili wadudu wasiile. Alikabidhiwa yeye baada ya baba kufariki. Kila mwezi aliishusha, akazivuta kamba moja moja kwa mikono yake, akairudisha.

Nilipoleta gari nilisimama kwenye kikao cha chama nikatoa hotuba. Nilisema mambo ya kubebana begani yamepitwa na wakati, na mgonjwa yeyote, saa yoyote, aje mlangoni kwangu. Walinipigia makofi. Sikusema kwamba pia nilikuwa nimechoshwa na zamu, kwamba bega langu la mtu wa chaki lilikuwa likichubuka kila mara na wenzangu wakinicheka. Mama alikuwa akipitisha kikapu cha kahawa za kutafuna. Alisimama katikati ya watu akauliza, “Na likiharibika?”

“Mama, hili ni la Japani,” nikamjibu. Watu wakaangua kicheko, na yeye akaendelea kugawa kahawa.

Chama kilikufa siku hiyo. Miti ya machela ikaenda kuegemeza migomba iliyolemewa na mikungu, na kamba zake zikafungiwa mbuzi. Mimi ndiye niliyeishusha kutoka darini. Mama alikuwa nje, hakuingia.

Ahadi niliitimiza, haki ya Mungu niliitimiza. Nilipeleka wajawazito, nilipeleka mzee aliyeanguka kutoka kwenye mti wa parachichi, nilipeleka bwana harusi hadi Kimuli akiwa na suti nyeupe kwenye mvua. Watu walianza kusema “gari letu,” na mimi nikafurahi.

Mwaka wa nne likaanza kuchoka. Maji ya rejeta yakawa yanapungua bila kuonekana yanakovujia, na mshale wa joto ulipanda kila nilipopanda mlima. Fundi aliniambia waziwazi kwamba gasketi inakufa, nimwachie gari wiki nzima afungue injini. Wiki nzima! Mwalimu mzima nipande bodaboda mbele ya wanafunzi, nimebana madaftari kwapani? Nikaweka dumu la maji kwenye buti. Nikawa naongeza asubuhi, naongeza mchana, naenda zangu. Mpaka leo nikiliona dumu lile la njano natamani kulipiga teke.

Ilikuwa Jumamosi ya masika, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Mke wangu alimkuta mama amejikunja chini ya mgomba, ameshika tumbo. Lilikuwa limekaza, hataki liguswe. Alikiri kwamba lilimshika tangu juzi lakini hakutaka kunisumbua, kwa kuwa nilikuwa nasahihisha mitihani. Tulimlaza kiti cha nyuma, mke wangu akakipakata kichwa chake. Nikawasha gari.

Sauti ya yule mwanamke ikasema maneno yake. Nikasubiri nisikie “marahaba.” Mama hakujibu. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Tulifika katikati ya mlima, kabla ya barabara kubwa. Mshale ulikuwa umeshafika mwisho na mimi nilikuwa nauona, nikauomba uniache nifike juu tu. Haukuniacha. Mvuke ukatoka kwenye boneti, injini ikazima. Nilisubiri, nikamwaga dumu lote, nikarudi kwenye usukani. Nikizungusha ufunguo, mwanamke anasalimia, injini kimya. Nikazungusha tena. Alisalimia mara saba au nane, kwa sauti ileile ya adabu, na nyuma yangu mama alikuwa ameanza kuguna kwa kila pumzi. Niliipiga redio ngumi mpaka kioo chake kikapasuka.

Nikapiga simu. Mwenye pikapu alikuwa mnadani Kyerwa. Mwingine alisema lori limekwama na kuziba njia upande wake. Bodaboda alikuja, tukajaribu kumkalisha mama, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, tukamrudisha haraka kwenye kiti. Basi nikasimama katikati ya barabara, mwalimu na miwani yangu, nikapiga yowe. “Waitu, ndugu zangu, njooni! Mama anakufa! Njooni!” Nilipiga mpaka koo likakauka.

Zamani hungemaliza yowe la pili kabla mlima haujajaa wanaume. Siku ile walikuja sita, na watatu kati yao hawakuwahi kubeba mgonjwa maishani. Wa mwisho kufika alikuwa mzee aliyekuwa mwenyekiti wa chama, na panga lake mkononi.

“Shikamoo, Mzee,” nilisema, hata sijui kwa nini nilikumbuka.

“Marahaba. Machela iko wapi, Mwalimu?”

Alijua iko wapi. Hakungoja jibu. Alichungulia ndani, akamtazama mama, akasema, “Fungua kiti.”

Tulimshusha mama tukamlaza juu ya khanga, chini ya mwavuli wa mke wangu. Nilifungua nati haraka haraka kwa spana, na mbili zikaniponyoka zikazama kwenye matope. Mzee alikata mikaratusi miwili pembeni ya njia. Tukaifunga chini ya kiti kwa kamba ya kuvutia gari, tukamlaza mama juu yake. Nikashika mti wa mbele, upande wa kushoto.

Kubeba kuna kazi yake. Magoti yanalegea kidogo, hatua ni fupi, miguu ya wote inatua pamoja, na mnabadilishana bila kusimama. Nilikuwa nimesahau yote. Niliteleza, nikapandisha bega, nikalishusha, na kila nilipokosea mama alilia. Hatukufika mbali. Mzee alinishika mkono.

“Toka, Mwalimu. Unamtikisa.”

“Mzee, ni mama yangu.”

“Najua. Toka.”

Nikatoka. Bodaboda aliacha pikipiki yake akaingia nafasi yangu, na mwendo ukatulia mara moja. Mimi nikafuata nyuma nimebeba kandambili za mama, moja kila mkono, nalia waziwazi mvuani. Mama aliuliza, “Mwanangu yuko wapi?” Nikasema, “Nipo hapa nyuma, Mama.” Hakuuliza tena.

Safari ambayo gari lingeimaliza kwa dakika chache ilituchukua karibu saa mbili hadi barabara kubwa, maana wabebaji walikuwa wachache na hapakuwa na wa kuwapokea. Huko lori la ndizi likatuchukua. Hospitali walimpasua jioni ileile. Daktari alisema utumbo ulikuwa umejisokota, na sehemu yake imeshakufa. Nilimuuliza kama tungewahi asubuhi ingekuwaje. Alinitazama akasema hilo halina faida kulijua sasa. Nalijua.

Siku ya pili mama alifumbua macho. Aliuliza kama yule binti wa kwenye gari amepona. Nikamwambia amepona, anakusalimia. Akatabasamu kidogo. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki.

Tulimrudisha kwa gari la kukodi, na dereva akakataa kuteremka ule mlima kwa ajili ya utelezi. Akasimama juu. Chini yake kidogo gari langu lilikuwa bado pale lilipozimikia, matope hadi milangoni. Safari hii wanaume walikuwa wengi, wamejipanga pande zote mbili za njia kama enzi za chama. Waliliweka jeneza juu ya miti ileile ya mikaratusi, waliyoirudisha kutoka tulikoiacha barabara kubwa. Mimi nikajitenga pembeni, nikawapisha.

Mzee akaniita. “Njoo ushike mbele, Mwalimu.”

“Nitamtikisa, Mzee.”

“Shika tu,” alisema kwa upole. “Leo hata ukimtikisa haumii.”

Nikaingiza bega chini ya mti, tukaanza kuteremka.