Mtungi wa Mathe wa Rhonda

Leo nimeletewa mkojo mwingi kuliko nilioomba.

Nafanya kazi ya maabara hapa Nakuru. Tunapima mkojo wa watu ambao miili yao haitengenezi homoni ya kutosha, ndio daktari ajue kama dozi ya dawa inawatosha ama imezidi.

Jana nilimpa mathe mmoja, mama wa makamo wa mtaa wa Rhonda, mtungi wa lita tano. Nikamwambia mkojo wake wote, wa mchana na wa usiku, uingie humo.

Leo amefika na mtungi umejaa hadi shingoni.

"Mathe, hii yote ni yako?"

"Yangu ilifika nusu. Mzee wangu akajazia."

Nikauweka mtungi mezani, naye akaendelea:

"Kwani chombo cha watu kinarudishwa nusu? Nimletee daktari aibu hiyo?"

Sasa niambie, hapo wewe ungejibu nini? Hata mamangu harudishi bakuli ya jirani bila kitu ndani.

Tukacheka. Nikampa mtungi mwingine, tuanze upya kesho, na hata ikiwa robo alete hivyo hivyo.

Alifika mlangoni akarudi.

"Na ile ya mzee," akaniuliza polepole, "si bado mtapima? Amenituma majibu."