Uheshimiwa Nilioupata Pande

Kwa mama mkwe wangu, vyeo hupanda kadiri mapenzi yanavyoshuka. Akipendezwa na mimi, naitwa mwanangu. Nikiunguza wali, naitwa mama, kwa sauti ya upole. Nikikosea kweli naitwa bibie, na hapo hata kuku wanahama uani. Juu ya bibie sikujua kama kuna cheo kingine.

Nilikwenda kwake Pande nikiwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, kumwomba aje Lindi anilee arobaini nikishajifungua. Mama yangu mzazi alishafariki. Kama si yeye, nani angenikanda na kunionyesha namna ya kumwogesha mtoto? Basi likanishusha njia panda, nikachukua bodaboda. Tulipofika uani, kwa uzito wa tumbo, nikaona nisalimie kwanza ndipo nijikongoje kushuka. "Shikamoo mama!" nikapaza sauti, helmeti kichwani.

Akanitazama toka juu hadi chini. "Marahaba, mheshimiwa."

Mungu wangu! Wifi yangu, aliyekuwa anatwanga, akasimamisha mchi.

Basi nikawa mheshimiwa. Wenzangu mkekani, mikono kwenye sinia moja, wanacheka. Mimi kwenye kiti cha plastiki, sahani yangu, kijiko changu, kama mgeni rasmi. "Mheshimiwa aongezewe mchuzi." "Mpisheni mheshimiwa aende chooni." Jamani, chooni!

"Wifi, umemwamkia mtu mzima ukiwa juu ya pikipiki," wifi akaninong'oneza. "Ulitaka akuiteje?"

Kumbe! Asubuhi ya siku ya tatu nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, tumbo likinitangulia, nikaamkia upya kwa adabu zote.

"Marahaba," akasema. "Njooni mumwinue mheshimiwa."

Na kweli sikuweza kuinuka mwenyewe. Habari ya arobaini nikaiahirisha tena, maana mheshimiwa haombi kukandwa.

Jioni uvumilivu ukaniishia. Mimi nina hasira za karibu. "Mama, niite hata mjinga, lakini uheshimiwa siutaki! Nimekuja kukuomba unilee arobaini, wewe unanipa kijiko!"

Akaacha kuchambua mchele. "Mjinga nilishakuita moyoni toka juzi! Salamu nilijali nini mimi? Mimba ya miezi saba, unarushwarushwa na pikipiki kwenye makorongo yale! Hata kunipigia simu nije nikupokee hukuweza? Ungeniulia mjukuu wangu njiani! Mpumbavu mkubwa! Zumbukuku wewe! Na Lindi nakuja, utake usitake, maana akili huna!"

Nikaangua kilio. Tangu mama yangu afariki, hakuna mtu aliyewahi kunigombeza namna ile. Mama mkwe akanivuta kifuani, akanifuta makamasi kwa pindo la kanga yake, huku matusi yakiendelea.