Mate ya Koko

Nilipokuwa mtoto, sikuruhusiwa kutoka nyumbani asubuhi kabla ya kutemewa mate. Nilipita kwanza kwa Koko, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi, nikainamisha kichwa mbele yake. Aliweka kiganja chake utosini, akanitemea kidogo kwenye paji la uso, mate mepesi kama umande, akasema kwa jina la Mungu wetu, "Enkai akutunze, urudi jinsi ulivyotoka." Ndipo nilipofungua ndama. Siku nyingine alikuwa ametafuna tumbaku, nami nilitembea na harufu yake mpaka mchana. Sikuona kinyaa. Ningeona vibaya zaidi kutoka na paji kavu.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, kabla ya vita. Tuliishi upande wa Sokon, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo ukisimama asubuhi unaona moshi wa watu waliolala karibu na Boma la serikali wakisubiri kuitwa kulima barabara. Wakristo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa Walutheri wa huko juu mlimani kwenye migomba. Sisi Wakatoliki tulikuwa nyumba chache tu. Mama yangu alibatizwa akiwa tayari ameolewa, akaitwa Maria. Baba hakubatizwa, ila hakumkataza. Koko, mama yake baba, alituita "watu wa Ijumaa," kwa kuwa siku hiyo hatukula nyama.

"Ijumaa nyama ina nini?" alikuwa akimuuliza mama. "Ng'ombe wa Ijumaa na wa Alhamisi si yule yule?"

Mama alicheka akaendelea kukoroga uji wake.

Juma letu lilikuwa na mwendo wake. Jumamosi wanawake walikwenda kigangoni kusiriba sakafu kwa samadi na kufagia uwanja. Jumapili Mwalimu Aloisi, katekista aliyetoka Kibosho akaoa mwanamke wa kwetu, aligonga jembe lililovunjika lililoning'inizwa mtini, nasi tukaenda. Kanisa lilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la nyasi na mlango mmoja. Padre hakuwepo. Padre alikaa mbali, upande wa Kilimanjaro, akatufikia mara chache kwa mwaka kwa miguu, nyuma yake mpagazi mwenye sanduku la altare. Siku nyingine zote tulisali na Mwalimu, kwa Kiswahili ambacho wengi wetu tulikishika kwa sauti kabla ya kukishika kwa maana.

Kabla ya mdogo wangu ninayetaka kusimulia habari zake, mama alikuwa na mtoto mwingine. Jina lake silitaji. Kwetu hatukuwa na desturi ya kuwataja watoto waliotutoka. Alishikwa na homa wakati wa masika. Mama alipoona anazidiwa alimkimbiza kwa Mwalimu Aloisi, naye akambatiza palepale mlangoni pake kwa maji ya kibuyu. Hakufika jioni. Wakamzika nyuma ya kigango, na msalaba wa vijiti. Koko hakwenda kumzika. Kuanzia siku hiyo hakusema lolote juu ya Ijumaa, na mama hakucheka tena. Walikoroga uji kwenye jiko moja kama watu wawili wanaosubiri mvua kila mmoja na shamba lake.

Kisha akazaliwa mdogo wangu, mnene, mwenye kelele. Koko alimtemea mate siku ileile, na kila asubuhi baadaye. Alikuwa bado hajaota jino wakati habari zilipokuja kwamba Padre yuko njiani, atabatiza Jumapili.

Jumamosi jioni, mama alirudi kutoka kusiriba kanisa akiwa bado na samadi kwenye kucha. Alikaa chini karibu na moto.

"Mama," alimwambia Koko, "kesho nitampeleka mtoto."

"Kumpeleka wapi?"

"Unajua wapi."

Koko alisukuma kuni ndani kidogo. "Yule wa kwanza nilimtemea mate kwa mdomo huu. Mkamwagia maji. Maji yalifanya nini? Yaliosha."

"Alikuwa mgonjwa kabla ya maji, mama."

"Na baada ya maji alikuwa nini?"

Mama alikwangua samadi kwenye kucha. Nilisikia kuni ikilia ndani ya moto.

"Basi sikiliza," Koko alisema, bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Ukimpeleka huyu, mdomo wangu utakauka. Sitamtemea mtoto yeyote wa boma hili tena. Wala huyo." Akaninyooshea kidole.

Baba alikuwa mlangoni. Alimtazama mama yake, akamtazama mke wake, akasema kwamba ng'ombe walioko Kisongo hawajaangaliwa siku nyingi, na angetoka alfajiri. Ndivyo alivyofanya.

Sikulala vizuri. Kwetu tulijua kwamba mtu anayeweza kubariki ndiye anayeweza kunyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya kuliko tusi. Nilimjua kijana mmoja aliyenyimwa mate na babu yake, na watu walisema ndiyo sababu radi ilimpata malishoni. Asubuhi nilikwenda kama kawaida, nikainamisha kichwa mbele ya Koko. Alitazama juu ya kichwa changu, kwenye ukuta. Nilisubiri mpaka shingo ikaniuma. Kisha nikatoka nikiwa na paji kavu, na upepo wa asubuhi nikausikia hapo kuliko mahali pengine popote mwilini.

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akatangulia. Hatukuwa tumefika mbali nilipojikwaa kwenye jiwe, ukucha ukapasuka, damu ikatoka. Kujikwaa mwanzo wa safari ni ishara ambayo hakuna mtu wa kwetu angeipuuza. Mtu mzima angerudi nyumbani, akakaa kidogo, akaanza upya. Nilimtazama mama nikitumaini tutarudi. Alichuma jani, akanifunga kidole kwa uzi wa gome, akaendelea na njia.

Tulipokuwa tukivuka kijito niligeuka. Nyuma yetu, mbali, alikuja Koko na fimbo yake. Alipoona nimemwona alisimama, akaweka kidole mdomoni. Nikafunga mdomo wangu. Mama hakugeuka hata mara moja.

Kanisani watu walikuwa wamejaa. Padre alikuwa mzee mwenye ndevu zilizofika kifuani, na miguu iliyovimba kwa safari. Wakati ule ubatizo ulianzia nje, mlangoni, ndipo mtoto akaingizwa ndani. Anna, mke wa Mwalimu, alimshika mdogo wangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa mama yake wa ubatizo. Mama alisimama pembeni. Mimi nilirudi nyuma mpaka nikagusa nguo ya ngozi ya Koko, ambaye alikuwa amefika na kusimama karibu na nguzo ya mlango kama mgeni aliyepita tu.

Padre alisoma Kilatini. Kisha akainama akampulizia mtoto pumzi usoni. Koko alinyoosha shingo. Padre akachukua chumvi kidogo, akaiweka kwenye ulimi wa mtoto, na mtoto akakunja uso.

"Chumvi," Koko alinong'ona. "Si mbaya. Hata ndama hupewa."

Wakaingia ndani, sisi tukabaki mlangoni ambapo tuliona vizuri. Padre alisoma tena kwa muda. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona kwa mtu mweupe. Alipeleka kidole gumba mdomoni, akakilowesha mate, akamgusa mtoto sikio moja, na la pili, kisha pua.

Koko aligonga nguzo kwa fimbo. "Mwambie asimame!"

Watu wote waligeuka. Mama naye aligeuka, na ndipo alipojua kwamba Koko yupo. Sitasahau uso wake, ingawa siwezi kusema ulikuwa wa hofu au wa nini.

Mwalimu Aloisi alikuja haraka, akasema kwa Kimaasai, lugha yetu, "Koko, hapa hapasemwi. Hii ni Sakramenti."

"Nimemwona. Amelowesha kidole akamgusa mtoto wangu. Yale ni mate au si mate?"

Mwalimu aliona haya kutafsiri. Padre akamuuliza kwa Kiswahili chake kizito, "Bibi anasema nini?"

"Anauliza... anauliza habari ya mate, Padre."

"Mwambie ni mate."

"Ya nani?" akauliza Koko.

"Yangu."

"Nani alimfundisha?"

Mwalimu alitafsiri akitazama chini. Padre alifunga kitabu chake juu ya kidole ili asipoteze ukurasa. Alisema kwamba Bwana wetu alipoletewa kiziwi alimponya kwa mate yake mwenyewe.

Koko aliisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Akafikiri. "Basi huyo Bwana wenu alilelewa na bibi," alisema.

Wanawake walificha vicheko ndani ya khanga na ngozi zao. Padre alipoelezwa hakucheka. Alimtazama Koko kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipowahi kumwona.

"Na sasa maji yanakuja?" Koko aliuliza.

"Sasa yanakuja."

"Yataosha mate yake na yangu pia. Kama kwa yule wa kwanza."

Padre alifungua mdomo, lakini kabla Mwalimu hajapata la kutafsiri, mama alisema. Mama yangu hakuwa msemaji. Hata kwenye rozari sauti yake ilizama chini ya sauti za wengine.

"Mama, yule aliondoka kwa homa," alimwambia Koko mbele ya watu wote. "Nilikuwa nimemshika mimi. Alikuwa anawaka kabla hatujatoka nyumbani, na ulikuwa umemtemea mate asubuhi ile ile. Mate yako hayakushindwa. Maji nayo hayakufanya kosa. Ni homa."

Nilikuwa nimeshika nguo ya Koko, nikausikia mwili wake ukilegea, kama mzigo uliofunguliwa kamba upande mmoja. Alikaa chini pale pale kizingitini. Nilidhani ameanguka. Alikuwa analia, Koko ambaye sikuwahi kumwona akilia, analia bila sauti na mkono wake ukipangusa fimbo badala ya macho.

Baadaye akasema, "Aendelee."

Padre akaendelea. Maji yakamwagika, mtoto akapiga kelele kubwa, akaitwa Petro. Walipotoka nje, Koko aliinuka akamfuata Anna, akanyoosha mikono. Anna alimtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Koko akampokea mtoto na kichwa chake bado kimelowa, akamtemea mate kwenye paji, palepale palipopita maji.

Mwalimu Aloisi alipiga hatua mbele. "Padre!" alisema.

Padre alikuwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa anaikunja stola yake, polepole sana, akiipangilia ncha kwa ncha, kitambaa chembamba kile cha shingoni ambacho mtu hukikunja mara mbili na kumaliza. Hakugeuka mpaka Koko alipomrudishia mama mtoto.

Tulirudi nyumbani pamoja. Koko alitangulia. Njiani alisimama, akaniita, nikainamisha kichwa.

Petro aliishi. Alichunga, akaoa, akazeeka, akawa na sauti ile ile ya kelele kanisani mpaka uzee wake. Koko hakubatizwa. Lakini kila alipokuja Padre, yeye alikuwa akienda kukaa kizingitini wakati wa ubatizo, akangoja ile sehemu ya kidole gumba, kisha akaondoka zake. Vita vilipofika Padre hakuonekana tena, na baadaye kidogo Koko naye akatutoka.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya kuchekesha. Nilipokuwa msichana nilisema Koko alimshinda Padre. Nilipokuwa mwanamke mwenye cheo katika chama cha akina mama wa kanisa nilisema Padre alimshinda Koko, kwa hekima. Siku hizi watoto wanabatizwa bila mate, na mapadre vijana niliowasimulia wengine wamecheka, na mmoja akaniambia kwamba yule Padre alilegea. Labda.

Lakini nimezika watoto wangu wawili tangu hapo, na sasa ninapoikumbuka asubuhi ile macho yangu hayaendi tena kwenye kidole cha Padre. Yanamwendea mama. Koko aliyashtaki maji kwa sababu, kama si maji, basi ni mate yake ndiyo yaliyoshindwa kumlinda mtoto. Hilo hakulisema kwa mtu. Mama alilijua. Alikuwa na huzuni yake, tena kubwa kuliko ya Koko, akaiweka kando mbele ya watu wote ili amfungue mama mkwe aliyemtisha jana yake.

Wakati mmoja, mama alipokuwa mzee na mimi mwenyewe nina mvi, nilimkuta anapeta maharage uani. Nilimuuliza kama siku ile aliamini kweli alichosema, kwamba mate hayakushindwa na maji hayakukosea.

Alipeta kidogo, akapuliza makapi.

"Sikujua," alisema. "Ningejuaje? Lakini Koko wako alikuwa amekaa na jambo lile peke yake muda mrefu mno."