Ngazi za Mama Chebet

Ukifika Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, ulizia mtaa wa Desemba. Usitaje lile jina lililoandikwa langoni, kwa maana ni la kizungu na hakuna mtu wa bodaboda anayelijua. Sisi tunauita mtaa wa Desemba kwa sababu wenye nyumba huonekana mwezi huo tu. Wanakuja na mizigo, wanachoma mbuzi, wanapiga picha kwenye roshani, na Januari wanarudi Amerika, Ujerumani na Nairobi. Wanatuachia nyumba zilizofungwa na mbwa waliokwisha kuzoea minofu.

Mimi ni Wacera, wengine huniita Mama Ciku. Nina kioski hapo langoni. Nilitoka Burnt Forest mwaka ule wa fujo za uchaguzi, sikurudi, na sipendi kuulizwa habari zake. Nilipofungua kioski nilijaza madaftari, kalamu na peremende, nikidhani nyumba kubwa namna ile lazima zina watoto. Watoto gani! Madaftari yaliliwa na panya. Siku hizi nauza maziwa, mboga ya sukuma na dawa ya kuchua magoti, kwa sababu wateja wangu ni watunzaji wa nyumba pamoja na wazee wachache waliostaafu wakaja kupumzika. Siku mtoto atakapozaliwa mtaani humu, nitachinja kuku kwa gharama yangu.

Mteja ninayempenda kuliko wote, na ninayegombana naye kuliko wote, ni Nekesa Mabonga, Mama Nelima. Ni mjane wa Kibukusu, mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa pilipili. Alitoka Kimilili baada ya mumewe kufa, akafanya vibarua vya kuvuna mahindi huku kwetu, mwishowe akapata kazi ya kutunza nyumba ya Mzee Kiplimo na mkewe Mama Chebet. Hao walikuwa Amerika, mume akiendesha basi, mke akiwa nesi. Nyumba yao ni ya ghorofa, ina nguzo mbele na madirisha yanayong'aa. Mama Nelima alikaa kwa nyuma, kwenye kijumba cha chumba kimoja chenye jiko na bafu lake.

Kazi hiyo aliifanya kwa mtindo wake. Nyumba isiyo na watu hujitangaza yenyewe kwa wezi, kwa hiyo yeye aliijaza watu. Alianika nguo kwenye kamba ya mbele, leo suruali za mwanamume, kesho nepi na soksi ndogo alizookota kwenye mitumba. Alihamisha pazia la juu kutoka upande huu hadi ule. Alfajiri alisimama mlangoni akifoka, "Wewe Kiplimo, amka, ng'ombe hawatajikamua!" Wala hakukuwa na Kiplimo wala ng'ombe. Siku moja mwuza mayai aliniambia kwamba ile familia ya nyumba ya nguzo imebarikiwa watoto wengi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi simu ikaja. Mama Chebet alikuwa amestaafu, Mzee pia, watoto wao wameoa na kuolewa huko huko na hawana haja ya Eldoret. Wao wawili walikuwa wanarudi nyumbani kabisa. Mtaa mzima ulifurahi isipokuwa mtu mmoja. Mtunza nyumba tupu ana kazi maadamu nyumba ni tupu, na kijumba cha nyuma kinakwenda na kazi.

Mama Nelima hakuwa na pa kwenda. Kimilili nyumba yake iliangushwa na mvua, shamba likawa linalimwa na shemeji zake, na hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumjengea tena. Alizunguka akitafuta chumba cha kupanga, akakuta wenye ploti za kupangisha wanataka wanafunzi wa chuo. Mmoja alimwambia wazi, bila haya, kwamba mama wa umri wake akiugua mle ndani hajui atamwita nani. Nilipoambiwa hivyo nilitaka nikamtafute huyo mtu nimpige na kifuniko cha sufuria.

Palibaki Kapseret. Binti yake Nelima ameolewa huko na Isaiah Mburu, Mkikuyu kama mimi, mwenye duka la chakula cha mifugo. Wana nyumba ya mawe na chumba cha ziada, na Isaiah mwenyewe alituma neno kwamba mama aje, kitanda kiko tayari.

"Sasa shida yako nini?" nikamwuliza.

"Wacera, mimi nilale kwa nyumba ya mkwe? Nioge kwa bafu yake? Nikohoe usiku asikie?"

"Kwani kikohozi chako ni siri ya serikali?"

"Wewe cheka tu. Afadhali nilale kwa mtaro."

Kwao Wabukusu mama mkwe hamshiki mkono mkwewe, hali naye meza moja, na kulala chini ya paa moja naye ni aibu isiyooshwa na sabuni yoyote. Hata kuzungumza naye hupitia kwa mtu. Isaiah akileta unga husimama nje ya lango akitazama barabarani, na mtu wa katikati huwa ni mimi. "Mwambie mkwe wangu ahsante." "Mwambie mama asijali." Wamesimama hatua chache tu, kila mmoja anamsikia mwenzake, nami nafikisha ujumbe kama mjinga. Sisi pia tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini hii ilinikasirisha. Nikamwambia mila yake inamtupa barabarani. Akaninunia, na kwa muda akawa ananunua maziwa kwingine.

Wenye nyumba walifika wakati wa baridi, ile baridi ya Julai inayoingia hadi kwenye mifupa. Nilikuwa nimepeleka maziwa, kwa hiyo niliona yote. Mzee Kiplimo aliteremka kwenye gari na mkongojo. Mama Chebet aliteremka kwa kushikwa huku na huku, mwanamke mnene, mwenye uso wa kucheka na magoti yaliyochoka. Miaka yote hiyo ya kuwainua wagonjwa kitandani ilikuwa imeyamaliza. Aliingia ndani, akainua macho, akaziona ngazi.

Ngazi zile walizichagua kwenye picha wangali na nguvu. Zinapinda kama pembe ya ng'ombe na vigae vyake vinateleza hata ukiwa na viatu. Vyumba vyote vya kulala viko juu, bafu pia liko juu, kwa sababu Mzee alitaka sehemu yote ya chini iwe sebule moja, ya kutosha wageni wa siku binti zao watakapoposwa. Binti waliposwa Amerika, kwa simu. Sebule haijawahi kujaa.

Mama Chebet alipanda. Alipofika pale ngazi zinapopinda, akakaa. Hakuweza kwenda juu wala kurudi chini. Mzee alisimama chini na mkongojo wake, akimwita. Mama Nelima ndiye aliyepanda, akakaa ngazi moja chini yake, akamwambia, "Mama, tushuke na makalio, kama watoto. Hakuna mtu anaangalia." Wakashuka hivyo, ngazi kwa ngazi. Mama Chebet alicheka njia nzima, na alipofika chini akalia. Mimi niligeuka nikashughulika na mtungi wangu wa maziwa.

Wakaanza kulala kwenye makochi ya sebuleni. Asubuhi wakiamka wamekakamaa, Mama Chebet alijikokota hadi kijumba cha nyuma kuota moto. Kwanza alikuja asubuhi tu. Baadaye akawa anashinda huko hadi jua linapotua, na Mzee naye akamfuata. Mama Nelima aliwapa viti, akakaa yeye kwenye ndoo. Siku moja akamwona Mzee anapima ukuta kwa mkongojo, kutoka dirishani hadi mlangoni. Kesho yake Mama Chebet akamwambia, "Mama Nelima, hii nyumba ya nyuma tutaihitaji."

Mtu mwingine angeuliza, "Na mimi je?" Mama Nelima haulizi. Kwake kuuliza hivyo ni kuomba, na kuomba hakujui. Alisema "Sawa, mama," akaja kioskini kwangu, akasimama bila kununua kitu. Ulimi wote wa pilipili ulikuwa umekwisha. Nilimwekea chai, hakuinywa.

"Lazima wanaleta mpishi," alisema. "Ama mtu wa kuwaangalia. Kijana."

"Waulize."

"Sitaki."

"Basi uende kwa Isaiah, kichwa ngumu wewe!"

Alikubali nusu. Angekwenda Kapseret, lakini asingelala nyumbani kwa mkwe. Angelala dukani kwake, kwenye stoo, katikati ya magunia ya chakula cha kuku. Duka si nyumba, alisema, na paa lake ni jingine. Umri ule! Nilianza kukatakata sukuma, kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na mimi nikilia huwa natukana.

Isaiah alikuja na pikapu ya kukodi, akiwa na mkewe. Yeye alisimama nje akitazama barabara kama kawaida. Godoro la mama mkwe hawezi kuligusa, kwa hiyo mimi na Nelima tulilibeba, tukalitupa kwenye gari. Tulikuwa tunatoa jiko lake la makaa wakati Mama Chebet alipotokea mlango wa jikoni, ameshika ukuta.

"Mnapeleka wapi hivyo vitu?"

"Naenda, mama," Mama Nelima akasema. "Si mlisema nyumba mtaihitaji?"

"Tunaihitaji sisi!" Mama Chebet alipiga kelele. "Mimi na huyu mzee wangu! Nilikwambia uende? Nani alikwambia uende?"

Mzee Kiplimo alikuja akichechemea, akaeleza kwa aibu kidogo. Kijumba cha nyuma hakina hata ngazi moja. Kina joto, bafu liko karibu, na mtu akiita anasikika. Hata jana walikuwa wanapanga kitanda kikae upande gani.

"Si mweke kitanda huku sebuleni?" niliuliza. Sijui kunyamaza.

"Mama Ciku, nimejaribu. Ni kama kulala kanisani," alisema Mama Chebet. "Na kuoga je? Nipande tena huko?" Kisha akamgeukia Mama Nelima. "Wewe uko na magoti mazuri. Kuna vyumba huko juu, chagua chenye unataka. Hiyo nyumba ikikosa mtu itakufa, na sisi tukikosa wewe tutakufa kabla yake."

Mama Nelima alikataa. Alisema mfanyakazi hawezi kulala juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Alisema watu watasema amewatoa wazee kwao. Mzee akamjibu kwamba watu gani, mtaa huu una watu? Hapo hata Mama Nelima akacheka, na katika kucheka akakaa juu ya jiko, bahati nzuri lilikuwa baridi.

"Haya," alisema. "Haya, basi. Haya."

Nilifurahi, na sitaki kuficha. Nilimkumbatia Nelima, nikamkumbatia Mzee Kiplimo, karibu nimkumbatie dereva. Tulirudisha godoro, safari hii likapanda ngazi zile, mimi nikisukuma kutoka chini na kuzitukana kila moja. Juu kulikuwa na vitanda vizuri vya mbao, lakini Mama Nelima alitaka godoro lake.

Tuliposhuka, Isaiah bado alikuwa nje, mgongo kwa lango. Hakuna aliyemwambia kitu.

"Mwambie mkwe wangu siendi tena," Mama Nelima aliniambia.

Nikamwambia. Isaiah alifuta uso kwa kofia yake. "Mwambie mama nimeshukuru Mungu. Hiyo stoo ilikuwa inaninyima usingizi."

Mama Nelima aligeuka akaitazama sebule. "Mwambie aingie anywe chai. Hapa si kwangu wala si kwake. Na chumba ni kikubwa."

Hapo ndipo sebule ya Mzee Kiplimo ilipopata kazi. Isaiah aliketi kwenye kochi la mwisho huku, akiuelekea ukuta. Mama mkwe wake aliketi kwenye kochi la mwisho kule, akiuelekea mlango. Katikati tulikaa sisi wengine, na Mama Chebet akamimina chai akiwa ameketi. Mzee alianza hadithi ya basi lake kukwama kwenye theluji, hadithi ndefu ya kuchosha kweli kweli. Alipofika mwisho hatukusikia mtu akicheka upande wa mlangoni. Tukageuka.

Mama Nelima alikuwa amelala. Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, kikombe kimeegemea tumboni, jua la adhuhuri limemwangukia usoni. Alikuwa anakoroma, tena kwa nguvu. Sidhani alikuwa amepata usingizi tangu ile simu ya kwanza. Na sasa alilala fofofo chini ya paa moja na mkwe wake.

Nelima alitaka kumwamsha, nikamshika mkono. Isaiah hakugeuka. Alibaki ameukodolea macho ukuta, masikio yamemwiva kwa aibu, akangoja kidogo, kisha akavua viatu vyake, akatoka navyo mkononi. Hakuna aliyemwambia Mama Nelima mpaka leo. Nawe ukija kununua maziwa hapa, nakuomba, usimwambie.