Kitalu cha Urujuani

Mama mkwe alikuwa na kitalu kimoja cha maua, chini ya ukuta wa jikoni kwake Soweto, Afrika Kusini, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Maua yenyewe mafupi, rangi ya urujuani, yanatambaa chini kabisa. Agosti, meno bado yanagongana kwa baridi, yenyewe yameshachanua. Mimi mtu wa Tanga nimezoea ua linaloonekana bila kuinama. Nilimcheka kimoyomoyo tu, maana mimi ni makoti, mke aliyeolewa hapo, na makoti hamcheki mama mkwe.

Kilichonikera si maua. Mume wangu alivuka mpaka akiwa mwanafunzi, akiwakimbia polisi wa makaburu, akaishi uhamishoni kwetu miaka mingi, akanioa huko. Tulikuja baada ya uchaguzi uliowaondoa makaburu, yeye ana kiu ya mama yake kama mtoto mdogo. Mama akampokea kwa adabu. Alimuuliza kama amelala vizuri, basi. Hakumshika hata bega. Mume wangu akitoka nje kuvuta sigara, na mimi ndani nachemka.

Mwaka wa pili magoti yakamgomea mama. Maua yalipomaliza kuchanua aliniita, akakaa kwenye kreti, akanielekeza: mashina yamesongamana, yang'oe, yagawe, uyapande upya kwa nafasi.

"Usichimbe sana, makoti," alisema kwa Kizulu.

Mkono uliozoea muhogo hauchimbi kidogo. Jembe likakwama. Nikavuta, kikatoka kiatu cheusi cha shule, ngozi imeoza, kamba imefungwa vizuri. Kidogo, hata mimi kisingenitosha. Nikakipangusa udongo kwa kidole.

Mama hakushtuka. Alisema waliletewa habari kwamba mwanawe aliyevuka mpaka amefia ng'ambo. Mwili haukuwapo, na kuweka matanga haikuwezekana, polisi wangeuliza analiliwa nani. Akazika viatu vyake, akapanda maua mafupi juu ili majirani waone bustani tu.

"Lakini mama, amerudi," nikasema. "Yumo humo ndani."

Alikitazama kile kiatu mkononi mwangu.

"Yule ni mume wako. Nashukuru umemleta," akasema. "Huyu ndiye mwanangu. Mrudishe."

Nikamrudisha udongoni, na mume wangu yuko upande wa pili wa ukuta anatafuta sukari.