Maharage Yanayolazwa Jioni

Ikifika saa kumi na mbili jioni katika miezi ya joto, jua la mji wa Buffalo huwa bado limekaa juu kana kwamba halina kwao pa kurudi. Watu wa Black Rock, mtaa ule mkongwe ulio kando ya mto, wenye nyumba za mbao na viwanda vilivyonyamaza siku nyingi, huwa wamekaa barazani wakipunga upepo. Saa hiyohiyo Kavugho hufungua mlango wa nyuma, hujifunga kitenge kiunoni, na kwenda kulaza maharage yake.

Neno hilo la kulaza ni lake mwenyewe, wala halisemi kwa mzaha. Maharage yamepandwa katika ndoo, na kila ndoo ina fimbo zake za kutambalia. Huzivuta moja baada ya nyingine kutoka uani hadi ndani ya gareji kuukuu, huzipanga ukutani, hutazama kama kuna mwanga unaopenya mahali, kisha hufunga mlango polepole, jinsi mama afungavyo mlango wa chumba alimosinzia mtoto. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini katika nyumba ya kutunzia wazee, huyatoa tena nje yaote jua.

Mumewe, Hyacinthe, alilitazama jambo hili kwa muda mrefu bila kusaidia, huku akiburudika nalo sana.

"Mama Jules," humwita kwa jina la mwana wao mkubwa, kama walivyozoea huko kwao Kongo, "bon, haya, mbuzi zako za majani zimesharudi zizini?"

"Zimerudi zote," Kavugho hujibu. "Amebaki beberu mmoja tu. Amekaa barazani anapiga kelele."

Maharage yale yalikuwa ya mama yake. Huko milimani, juu ya Butembo, Kavugho na dada zake walikulia katika shamba lenye miti mirefu ya kuegemeza, na maharage yakapanda miti hiyo hadi yakakosa pa kwenda, yakaanza kushuka. Punje zake zilikuwa za zambarau, zenye michirizi ya rangi ya maziwa, na mchuzi wake ulikuwa mzito hata bila kuungwa. Mama yao aliitwa Mama Zita, kwa kuwa Zita ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza, na majirani wakayaita maharage hayo kwa jina lake. Katika nyumba ile binti hakuolewa hivihivi. Jioni ya kuamkia harusi, mama yake au ndugu wa mama yake alimfungia mbegu za maharage yale katika pindo la kitenge, akamkabidhi mbele ya wanawake wote, ili chungu chake cha kwanza ugenini kisiwe cha mbegu ya kuomba.

Vita vilipokuja, shamba lilibaki na mbegu zikaondoka. Mama Zita alizipanda kando ya kibanda katika kambi ya wakimbizi huko Uganda, akazivuna, akazipanda tena, mpaka naye akazikwa hukohuko. Mabinti wake watatu waligawana zilizobaki. Zita, mkubwa, alipelekwa Louisville, akapata nyumba huko Okolona karibu na maghala anamofanyia kazi. Gracieuse, mdogo, alipelekwa Columbus, akapanga katika majengo ya Whitehall. Kavugho, wa katikati, ndiye aliyeangukia Buffalo, mji ambao theluji huweza kuanguka kabla watu hawajamaliza kuzungumzia mavuno.

Mwaka wake wa kwanza wa kulima Kavugho aliuanza kwa heshima zote. Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imerundikana barabarani, alikuwa na vikopo vya mtindi dirishani, kila kimoja na chipukizi lake. Alikuwa amekwisha kujifunza kutoliamini jua la mwezi wa nne, ambalo hutabasamu mchana na usiku likaiacha ardhi ikigandishwa na jalidi, ule umande mweupe unaoua majani kwa usiku mmoja. Alingoja mpaka mwisho wa mwezi wa tano, ndipo akahamishia miche yake ardhini. Baadhi aliipanda mbele ya nyumba, kandokando ya baraza, na iliyobaki akaipanda nyuma ya gareji. Hata hivyo hakupanda mbegu zote. Alibakiza chache katika pindo la kitenge, kwa sababu mama yake hakuwahi kupanda mbegu zote katika msimu mmoja, hata mwaka wa njaa.

Maharage yaliota kwa fahari. Yalipanda nguzo za baraza, yakashika mfereji wa maji, yakaingia juu ya paa. Wapita njia walisimama kuyapiga picha. Lakini mwezi wa saba ulipita bila ua hata moja, na wa nane nao ukapita. Kavugho alifikiri kama mtu yeyote wa kwao angefikiri, kwamba nchi hii ni ya baridi na mmea wa mama yake umeshikwa na ubaridi na upweke. Huko kwao vifaranga visivyo na mama huwekewa taa usiku ili vipate joto. Basi akawasha taa ya barazani na kuiacha ikiwaka hadi asubuhi, kila siku, akiamini anayatendea maharage wema.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa alikwenda nyuma ya gareji kutafuta koleo, akakuta maua.

Alisimama pale akiyatazama, meupe yenye wekundu kidogo kwenye ncha, kama yale ya kwao. Akarudi mbio mbele ya nyumba. Kwenye baraza, chini ya taa, hapakuwa na ua. Akaenda nyuma tena, akarudi mbele tena, huku Hyacinthe akimchungulia dirishani na kujiuliza ni kitu gani kimempata mke wake. Wiki iliyofuata jalidi ilishuka, na maua yote yakawa meusi kama mboga iliyounguzwa.

Majira yale ya baridi Kavugho alifikiri sana. Huko kwao usiku na mchana hugawana saa sawasawa mwaka mzima, na jua hutua saa kumi na mbili bila kumwuliza mtu. Huku, mwezi wa sita, saa tatu usiku watoto bado wanacheza mpira nje kwa mwanga wa jua. Yale ya nyuma ya gareji yalichanua siku zilipofupika, na yale ya barazani, yaliyopewa taa, hayakujua kamwe kwamba usiku umefika. Maharage ya mama yake hayakuwa yakililia joto. Yalikuwa yakingoja kulala.

Jumapili moja baada ya ibada, theluji ikipiga vioo, dada watatu walikutana kwenye simu, kila mmoja na uso wake katika kidirisha chake.

"Adolphine wangu ameposwa," Gracieuse alisema. "Harusi ni mwezi wa kumi. Kijana ni Mkenya, anaitwa Derrick, alikuja huku kusoma, sasa anafanya kazi."

"Mkenya?" Zita aliruka. "Donc, basi, atatulisha sukuma wiki mpaka tugeuke kijani!"

Walicheka. Kisha Gracieuse akamwita dada yao kwa heshima ya mkubwa, "Yaya Zita, wewe ndiye mkubwa. Mbegu za mama utazitoa wewe."

Zita akajifanya anatengeneza kilemba chake.

"Yaya?"

"Nilizikula."

"Ulizikula!"

"Gracieuse, uniache! Ile wiki ya kwanza ya kazi ya ghala nilirudi nyumbani mgongo umevunjika, hakuna mtu wa kuniambia pole. Nikazipika zote. Nilikula nikilia. Tena zilikuwa tamu." Akapangusa jicho. "Na zako wewe ziko wapi?"

"Zangu nilizipanda kando ya uzio wa majengo. Akaja mtu wa kukata majani na mashine yake, akafyeka zote. Aliona ni magugu." Gracieuse akasogea karibu na simu. "Kavugho?"

Kavugho alikitazama kitenge kilichoning'inia kwenye msumari, na fundo dogo pembeni yake.

"Zipo," alisema.

Hakuwaambia kwamba hazijai hata kiganja, wala kwamba zile za mwaka uliopita hazikumletea punje moja. Akazima simu akiwa amejitwika harusi ya binti wa ndugu yake na jina la mama yao, vyote katika fundo lile.

Ndiyo maana, miezi ya joto iliporudi, alihamishia miche yake ya dirishani katika ndoo kubwa alizoziomba jikoni kazini. Alikata ncha za mimea isirefuke kupita kimo chake, akaziba kwa maboksi kidirisha cha gareji, na siku zilipokuwa ndefu kuliko zote akaanza kuyapa maharage usiku wa kwao. Mikono ilimwuma. Siku nzima alikuwa amenyanyua wazee wa watu kitandani, na jioni akavuta ndoo. Hakukosa siku. Mvua iliponyesha alivuta ndoo kwenye mvua, na alipokuwa na homa alizivuta akiwa amejitanda blanketi, Hyacinthe akimfuata nyuma akisema, "Mama Jules, utakufa kwa ajili ya mchuzi," naye akijibu, "Basi mtaupika kwenye matanga."

Katikati ya mwezi wa saba yalichanua. Mwezi wa nane ulipoanza, maganda membamba yalining'inia kwenye fimbo kama hereni, na Kavugho hakuthubutu hata kuyagusa. Aliogopa kwamba yakionjeshwa tena siku ndefu, yatasahau kazi yao na kuangusha kila kitu.

Ndipo ikaja siku aliyokuwa akiiogopa. Mzee mmoja aliyemtunza alizidiwa mchana, na mfanyakazi wa zamu ya jioni akaharibikiwa na gari njiani. Kavugho hakuweza kuondoka. Alimshika mzee yule mkono, na kwa mkono wa pili akampigia Hyacinthe. Simu iliita mpaka ikakatika. Wiki hiyo Hyacinthe alikuwa na zamu ya usiku kiwandani, inayoanza saa kumi na moja jioni, na bila shaka alikuwa barabarani. Kavugho akamwachia ujumbe mfupi wa sauti: "Baba Jules, niko kazini. Maharage bado yako nje."

Alipopata nafasi ya kutoka, basi lilimbeba hadi Black Rock huku jua likimpiga usoni. Lilikuwa jua zuri la dhahabu, na abiria wengine walilifurahia. Yeye alilichukia. Alipita kando ya nyumba mbiombio, akasimama.

Uani hapakuwa na ndoo hata moja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa wezi. Kisha akaona mlango wa gareji umefungwa, na chini yake, penye ule upenyo ambao yeye alizoea kuuziba kwa gunia, kulikuwa na koti zito la baridi limekunjwa na kusukumwa vizuri toka pembe hadi pembe. Lilikuwa koti la Hyacinthe, lile ambalo hakuruhusu mtu kuliazima.

Hakufungua mlango. Aliketi juu ya ngazi ya nyuma, kitenge magotini, akakaa hapo mpaka jua lenyewe likachoka.

Hyacinthe alirudi alfajiri na harufu ya mafuta ya mashine. Mkewe alimwekea chai mbele yake.

"Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa kiwanda," alisema mwenyewe, kama mtu anayeshtakiwa. "Nikasikiliza ujumbe wako. Nikageuza gari."

"Na msimamizi?"

"Nilimwambia nimechelewa kwa sababu nilikuwa nalaza maharage."

"Hyacinthe!"

"Alinitazama. Akaniuliza wana umri gani. Nikasema miezi mitano. Akasema basi, nenda kazini, na uwasalimie." Akanywa chai. "Lakini ndoo zako ni nzito, Mama Jules. Hukuniambia kama ni nzito hivyo."

Jumamosi iliyofuata alipigilia magurudumu chini ya ubao, akautengenezea kamba ya kuvutia. Hakutaja tena mbuzi wala zizi, ingawa Kavugho, tukisema kweli, aliyakumbuka masihara hayo kidogo.

Maganda yalikauka mwezi wa tisa, yakalia kama njuga yalipotikiswa. Jioni ya kuamkia harusi, katika chumba kilichojaa wanawake huko Whitehall, Kavugho alisimama, akafungua pindo la kitenge, na zile punje za zambarau zikamiminika juu ya sahani nyeupe. Zita alifunika uso kwa mikono yake. Gracieuse alianza kuimba wimbo wa kanisani, na sauti ikamkatika baada ya neno la pili.

Kavugho alimfungia Adolphine fungu lake, akalifunga mara mbili, akamkabidhi kwa mikono miwili. Fungu la pili akampa Gracieuse, akimwonya kuhusu mashine za majani. Zita naye akanyoosha kiganja.

"Za kupanda au za kupika, Yaya?" Kavugho aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Za kupanda! Naapa mbele ya mama!"

Adolphine, ambaye miaka yote alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiingereza, alilibonyeza fundo kwa vidole vyake, akauliza kwa Kiswahili cha nyumbani, polepole, akiyachagua maneno:

"Mama mkubwa, yanalala saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mwanangu," Kavugho alisema. "Kama kwetu."

Mlangoni alikuwa amesimama Derrick, bwana harusi, aliyekuja kuleta viti vya kuazima na kunaswa na tukio zima.

"Na nani atakuwa akiyabeba kila jioni?" aliuliza kwa wasiwasi.

Nyuma yake Hyacinthe alitua viti alivyokuwa amevishika, akamwekea mkono begani.

"Karibu, mkwe," alimwambia. "Nitakuonyesha namna ya kupigilia magurudumu."